Balozi wa Nyumba Kumi na Chuo Kikuu Kimoja

Nchi ninayotaka kuieleza haipo. Nimehakikisha mwenyewe: nilikwenda kuiulizia katika ofisi zake tatu, na kote nikajibiwa kwamba anayehusika ametoka kidogo. Kwa hiyo msomaji akikuta humu mtu anayefanana na mkubwa wake wa kazi, amwonee huruma mkubwa huyo, asinilaumu mimi.

Nchi hiyo isiyokuwapo ilikuwa na chuo kikuu kimoja, na chuo hicho kilikuwa na kila kitu. Kilikuwa na lango la marumaru. Kilikuwa na wimbo, bendera, na kanuni ya kurasa kumi na mbili inayokataza kukanyaga majani. Kilikuwa na Shule ya Tiba yenye wanafunzi mia nne, walimu watatu, na mifupa ya mtu mmoja, ambaye inasemekana alikuwa mwalimu wa nne, akafa akisubiri kupandishwa cheo.

Mwaka mmoja wataalamu wa ng'ambo walipanga vyuo vyote vya dunia kwa ubora, kuanzia cha kwanza hadi cha mwisho. Chuo hicho hakikuonekana popote. Makamu Mkuu wa Chuo, Profesa Mashimbalo, alitoa taarifa ya kuwapongeza wananchi kwa kutokuwa wa mwisho, kisha akaitisha Baraza.

Baraza lilikaa siku tisa. Mwalimu mmoja wa Shule ya Tiba alisimama akasema huenda tatizo ni vitabu, kwa kuwa kitabu cha moyo kimechanika kurasa za kushoto, na wanafunzi wanahitimu wakiujua moyo nusu. Akaombwa akae.

"Ndugu yangu," alisema Profesa kwa upole wa mtu mwenye gari la Chuo, "tatizo letu si kusoma. Tatizo letu ni kwamba tunasoma bila kuonekana."

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Hapo ndipo walipozaliwa Mabalozi wa Heshima.

Hao walikuwa watu wenye majina, ambao kazi yao ingekuwa kukiwakilisha Chuo katika maisha ya umma: viwanjani, harusini, redioni na misibani. Hawakutakiwa wawe wamesoma pale. Waraka ulifafanua kwamba aliyesoma pale anaweza kuwa na upendeleo, au kumbukumbu. Akateuliwa mwimbaji Simbi Kengele. Akateuliwa bondia wa uzito wa juu, mama mwenye kiwanda cha mikate, na mtangazaji wa hali ya hewa ambaye kwa miaka ishirini hakuwahi kupatia hata mvua moja, lakini alikosea kwa sauti nzuri. Kila mmoja aliandaliwa skafu, joho fupi, na barua ya uteuzi iliyochapwa kwenye karatasi nzito yenye nembo inayong'aa, ile ile ya vyeti vya wahitimu. Na kamati ya watu kumi na wanne ikatunga kiapo kwa ushairi:

Kwa niaba ya wenetu, twaapa mbele ya chuo,
Tutakitangaza kwetu, kwa nguo na kwa vituo,
Isipokuwa pale ambapo sheria itaelekeza vinginevyo,
Kusoma si kazi yetu, yetu kushika funguo.

Mstari wa tatu uliongezwa na mwanasheria. Mwenye huruma atausamehe. Mwenye kujua mizani asiusogelee.

*

Sasa lazima nieleze neno moja, maana msiba wote ulitoka kwenye neno hilo.

Katika nchi ile balozi ni watu wawili. Yuko balozi anayekaa ng'ambo, ambaye gari lake lina bendera. Na yuko balozi wa nyumba kumi, anayekaa nyumba ya tatu kutoka kisimani, ambaye hana gari wala bendera, ila mtu akigombana na mkewe anaitwa yeye, mbuzi akila mahindi ya jirani anaitwa yeye, na mtoto akizaliwa anaamshwa yeye hata kama ana homa.

Profesa Mashimbalo alitaka mabalozi wa ng'ambo nao waongezwe kwenye heshima ile. Akamwagiza katibu wake aiandikie serikali kuomba orodha ya mabalozi wote wanaofahamika. Bahasha za Wizara ya Mambo ya Nje zilikuwa zimekwisha, katibu akatumia ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Wizara hiyo haikuwa imeulizwa kitu na mtu yeyote kwa miaka mingi. Ilijibu siku hiyo hiyo, kwa furaha, majina elfu kumi na moja mia tatu na sita.

Barua zikachapwa zote. Mkuu wa Nchi, ambaye pia ndiye Mkuu wa Chuo, alizisaini kwa siku mbili bila kusoma hata moja. Huwa hasomi anachosaini, ili wasaidizi wake wasijisikie kwamba anawashuku.

Mabalozi wa nyumba kumi walipoona muhuri wa taifa walikimbilia kwa wakwe zao. Bi. Siwatu Mchopa, balozi wa kitongoji cha Mwandimu, hakukimbia. Aliisoma barua yake mbele ya mlango, akaikunja, akaenda nayo nyumba ya sita kwa Nyamizi Lugendo.

Nyamizi alikuwa amerudi kutoka Shule ya Tiba. Miaka mitano alisoma, alifaulu, na jina lake lilibandikwa ukutani Chuoni hadi mvua ikalifuta. Alikosa kitu kimoja tu, cheti. Na Mwandimu nzima ilikuwa inakingojea cheti hicho, kwa sababu watu wa kule walikuwa wamejenga zahanati. Matofali walifyatua wenyewe, paa waliezeka wenyewe, na kwa miaka sita zahanati ilikaa imefungwa kwa kukosa daktari. Sasa Wizara ya Afya ilikuwa imeandika kwamba akipatikana daktari mwenye cheti kabla ya mwezi wa saba, dawa zitaletwa na mlango utafunguliwa. Asipopatikana, jengo litageuzwa ghala la mabango ya sherehe za taifa.

"Cheti wanasemaje?" aliuliza Bi. Siwatu.

"Karatasi zimekwisha, Mama Balozi. Zile zenye nembo inayong'aa. Wanasema zimetumika kwenye barua za mabalozi."

Bi. Siwatu alikunjua barua yake akaielekeza juani. Iling'aa.

"Kumbe cheti chako nimekikunja mimi," alisema. "Vaa viatu, mwanangu. Wameniandika balozi wao, basi nitakuwa balozi wao. Nyumba ikiwa na shauri, balozi anaingia."

*

Siku ya kuapishwa, uwanja wa Chuo ulifurika. Katika mabalozi elfu kumi na moja mia tatu na sita wa nyumba kumi, alifika mmoja. Alivaa kanga mbili na kiatu cha ngozi, akawekwa safu ya mbele karibu na Simbi Kengele, kwa sababu barua yake ilikuwa halali na hakuna aliyethubutu kuuliza.

"Mheshimiwa," Simbi alimwinamia, "unawakilisha nchi gani?"

"Nyumba Kumi."

"Aa, Nyumba Kumi! Nimewahi kupiga shoo huko. Watu wakarimu sana. Baridi tu ndiyo ilinisumbua."

"Ulifikia kwa nani?"

"Ikulu."

"Basi mwanangu ulipotea njia," alisema Bi. Siwatu. "Kule kubwa kuliko zote ni nyumba ya Mzee Lugendo, nayo inavuja."

Profesa Mashimbalo alihutubia saa mbili. Alisema Chuo ni taa, mabalozi ni utambi, umma ni mafuta ya taa, akataka kuendelea mpaka kwenye kiberiti lakini umeme ukakatika. Simbi Kengele alitoa neno la shukrani kwa niaba ya wenzake: "Mimi shule niliacha darasa la sita. Leo nasimama hapa. Vijana, mnaona?" Vijana waliona.

Kiapo kilipokwisha mabalozi walikwenda kula. Bi. Siwatu hakwenda kula. Alikwenda kukagua mabweni, maabara, maktaba na vyoo, kama anavyokagua nyumba zake kila kipindupindu kinapotajwa. Kisha akaketi kwenye kiti nje ya ofisi ya Profesa, Nyamizi akiwa kando yake, na kila aliyeuliza wanasubiri nini alijibiwa, "Cheti."

*

Siku ya tatu redio ya taifa ilikuja kuhoji mabalozi wapya. Simbi alikuwa safarini na bondia alikuwa amevunjwa taya, hivyo wakamkuta aliyekuwapo.

"Balozi, wasikilizaji wanataka kujua, ni kitu gani kilichokuvutia zaidi Chuoni?"

"Mlinzi wa getini. Alinisalimia."

"Naam! Na mazingira ya kujifunzia je?"

"Wasichana wanalala watano chumba cha wawili. Nimewauliza mnafanyaje, wakasema kwa zamu. Maktabani mna popo."

"Popo… ambao bila shaka ni ishara ya utulivu wa mahali, Balozi?"

"Ni ishara ya paa bovu."

Mtangazaji alicheka kicheko cha mtu anayeiona kazi yake ikiondoka. "Basi neno la mwisho kwa vijana wa taifa letu."

"Nina kijana wangu nyumba ya sita, Nyamizi Lugendo. Amesoma udaktari hapa, amefaulu, cheti hamjampa. Mpeni akatibu watu. Mimi hapa sitoki."

Kumbe ilikuwa moja kwa moja hewani. Nchi nzima ilisikia, na kwa mara ya kwanza Chuo kikaonekana.

Baraza lilikutana likiwa limekunja nyuso. Mwenye kiwanda cha mikate, aliyealikwa kwa niaba ya mabalozi, alitaka Bi. Siwatu afukuzwe ubalozi siku hiyo hiyo.

"Haiwezekani," alisema mwanasheria. "Barua imesainiwa na Mkuu wa Nchi. Tukisema imekwenda kwa mtu siye, tutakuwa tumesema Mkuu amesaini kosa."

"Kwani hawezi kusaini kosa?"

"Anaweza. Ila likishasainiwa haliwi kosa tena."

Profesa Mashimbalo akauliza, "Hivi hasa anataka nini?"

"Karatasi," alijibu katibu. "Ile ya nembo inayong'aa. Nimepekua kabati zote, imebaki moja tu."

"Basi apewe karatasi," alisema Profesa, na uso wake ukang'aa kuliko nembo.

Alitoka mwenyewe hadi kwenye kiti cha nje. "Mama yangu, ombi lako limefika. Karatasi moja imepatikana. Itatolewa Jumamosi hadharani. Njoo na binti yako, na apendeze."

*

Jumamosi Nyamizi alipendeza. Joho aliazima kwa aliyemtangulia miaka mitatu, likamfika magotini. Watu wa nyumba zote kumi walipanda lori la mchanga wakaja wakiimba, na Mzee Lugendo, baba yake, alivaa koti ambalo hakuwa amelivaa tangu alipooa.

Profesa Mashimbalo alishika karatasi kwa mikono miwili. Alisoma sifa ndefu za mtu asiyemtaja: kwamba ameutumikia umma, kwamba amekitangaza Chuo, kwamba sauti yake imefika mbali. Nyamizi alisimama. Baba yake alianza kulia mapema.

"Kwa mamlaka niliyopewa," alisema Profesa, "namtunuku Shahada ya Heshima ya Udaktari, Daktari Siwatu Mchopa!"

Nyamizi alibaki amesimama katikati ya watu waliokaa. Bi. Siwatu alisukumwa jukwaani na mikono mingi yenye furaha. Akavishwa kofia. Akaiangalia karatasi, akaona jina lake, akasogea kwenye kipaza sauti.

"Hii si yangu. Hii ni ya—"

Kipaza sauti kilizimwa, brasbendi ikaanza. Magazeti yaliandika kwamba Daktari Mchopa alikuwa mnyenyekevu kiasi cha kukosa la kusema.

Ndani ya lori hakuna aliyeimba. Bi. Siwatu alijaribu kumwekea Nyamizi ile karatasi mapajani.

"Chukua tu, mwanangu. Tutafuta jina."

"Haifutiki, Mama Balozi," alisema Nyamizi. "Ndiyo maana ni ghali."

*

Zilibaki siku nane kufika mwezi wa saba. Wizara ya Afya, katika kutafuta daktari wa Mwandimu, ilipitia orodha ya madaktari waliotunukiwa mwaka ule na Chuo Kikuu cha Taifa. Ilikuta mmoja. Ikaangalia anakoishi, ikakuta ni Mwandimu. Wizara haikuamini bahati yake.

Nimesikia watu wakisema serikali ya nchi ile ni ya wajinga. Huo ni uzushi. Mjinga angeuliza. Wao walipeleka barua ya kazi, dawa makasha kumi na saba, koti jeupe namba ya kati, na Simbi Kengele wa kukata utepe. Simbi alikata, akasema afya ni uhai, akatafuta Ikulu ya Nyumba Kumi apige nayo picha, akaondoka.

Bi. Siwatu alikwenda Wizarani mara mbili kueleza. Mara ya kwanza aliambiwa madaktari wote huwa na woga mwanzoni. Mara ya pili karani alimwonyesha tarehe. "Ukikataa, mama, kesho nafungua jalada la mabango. Yapo kwenye lori tayari."

Akarudi, akamwita Nyamizi. "Wewe utakaa nyuma ya pazia. Mimi nitakaa mezani na koti. Nitauliza kinachouma, wewe utajua kinachoumwa."

Ikawa hivyo. Kwenye daftari la wafanyakazi Nyamizi aliandikwa mfagizi. Mgonjwa aliingia, Bi. Siwatu akamwuliza habari za nyumbani kama kawaida yake, kisha akamwambia, "Pita nyuma ya pazia ukapimwe." Nyuma ya pazia palikuwa na Nyamizi, na Nyamizi alikuwa mzuri. Alizalisha wanawake kumi na wanane. Alimrudishia fundi seremala kidole chake. Kifua cha mke wa mwalimu, ambacho makao makuu ya wilaya walikwisha kukikatia tamaa, alikisikiliza kwa siku tano mfululizo hadi akajua. Miezi minne ilipita na Mwandimu haikuchimba kaburi hata moja.

Hilo ndilo lililowaponza. Takwimu zilifika Wizarani, na Wizara ikashtuka: zahanati isiyoua ilikuwa haijawahi kuonekana. Wakamtuma Mkaguzi Mkuu, Bwana Kiyabo, na ngao ya ushindi, gari la polisi likimsindikiza kwa heshima.

Aliingia asubuhi, akiwa anatabasamu. Meza ilikuwa tupu, maana Bi. Siwatu alikuwa ameshika taa, na nyuma ya pazia mfagizi alikuwa anashona paja la mtu.

Bwana Kiyabo alifunua pazia, akangoja uzi ukatwe. Alikuwa mtu wa adabu.

"Cheti," alisema.

"Nilifaulu," alijibu Nyamizi akinawa mikono. "Jina langu lilibandikwa ukutani."

"Sijauliza kufaulu, dada. Nimeuliza cheti."

Bi. Siwatu alivua koti jeupe akaliweka mezani. "Sikiliza, baba. Daktari ni huyu. Mimi ni balozi wa nyumba kumi. Koti limekosea mtu. Kama kuna kosa, nikamate mimi."

"Mama, usiitukane sahihi ya Mkuu wa Nchi mbele yangu. Wewe ni daktari. Nimeona nakala."

"Amewaponya wote hawa! Waulize!"

"Hicho ndicho kinachozidisha kosa. Angekuwa ameua, tungesema ni bahati mbaya. Huyu ameponya kwa makusudi, miezi minne, bila idhini."

"Basi nami nilijua. Nichukueni pamoja naye."

Bwana Kiyabo alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Tukuchukue wewe? Kituo hiki kina daktari mmoja tu, mama. Tukikuchukua, wagonjwa tunamwachia nani?"

Akaweka ngao juu ya meza, akaifuta vumbi kwa kitambaa chake, akawaashiria askari.

Benchi la nje lilikuwa limejaa. Watu walisimama, wanaume wawili wakaziba mlango. Askari wakawasogeza bila ugomvi, kwa mtindo wa kusukuma milango iliyovimba. Mwanamke mmoja alikuwa amefika mbio wakati huo huo, mtoto mikononi, kichwa cha mtoto kimelegea nyuma na miguu inatikisika.

Nyamizi alimwona akiwa kati ya askari wawili. Akageuza shingo. "Mama Balozi! Huyo ni degedege. Mvue nguo, mlaze ubavu. Dawa iko kabati la pili, chupa ya kahawia. Usimpe nyingi, sikia, ikizidi inazima pumzi. Mtoto wa umri huo mpe—"

Mlango wa gari ulifungwa. Midomo yake iliendelea kusema nyuma ya kioo, na mkono ulionyesha vidole viwili, au vitatu, gari likageuka.

Bi. Siwatu alimvua mtoto nguo. Akamlaza ubavu. Akafungua kabati la pili, akatoa chupa ya kahawia.

"Daktari, fanya haraka," alilia yule mwanamke. "Daktari, nakuomba."

Bi. Siwatu alikuwa anajua kusoma vizuri. Ubalozi hawampi asiyejua. Akaisogeza chupa dirishani, akaigeuza polepole kutafuta maandishi, akayapata. Yalikuwa ya Kiswahili safi, herufi kubwa, mstari mmoja:

TUMIA KAMA UTAKAVYOELEKEZWA NA DAKTARI.